Macho hayana pazia

Mama yangu huwaambia watu kwamba mimi ni daktari wa samaki. Nilijaribu kumsahihisha kwa miaka, nikachoka. Majirani wa Kibirizi nao wamelipokea hivyo hivyo, na likizo moja mvuvi alinijia asubuhi na mapema na kuhe mkubwa ndani ya ndoo, kuhe ana kidonda ubavuni. "Daktari, huyu analika, au ana ugonjwa?" Nikamwambia sijui. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayewaza ada yote iliyopotelea kwangu, akachukua ndoo yake akaenda. Nadhani jioni walimla.

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi ubongo unavyojifunza na unavyotunza kumbukumbu. Samaki ni njia tu ya kufikia huko. Nikimweleza mama hivyo hucheka. "Ubongo wa samaki? Si ndio huo tunaoutafuna na kichwa chake?" Kwa mtu aliyelea watoto watano kwa dagaa, hoja hiyo haina jibu.

Wanafunzi wangu huniuliza nilianzaje. Jibu ninalowapa darasani ni la uongo: nawaambia niliipenda baiolojia tangu utotoni. Baiolojia niliichukia hadi kidato cha nne. Mimi nilianzia juu ya ndoo.

Ilikuwa ndoo ya rangi, ya lita ishirini, imepinduliwa mchangani. Kibirizi ni mwalo, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ndiko zinakotokea boti za kwenda Gombe na vijiji vya mwambao kuelekea Burundi. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa ziwani, zamani karabai na siku hizi taa za sola, dagaa wakakusanyika chini ya mwanga. Ukisimama mlimani utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji, tena mji wenye umeme wa uhakika kuliko wetu. Alfajiri mitumbwi ikirudi, kelele za bei zinaanza. Mama alinunua beseni zake, akaanika, mwanzoni juu ya mchanga, baadaye juu ya chanja. Mimi nikakaa kwenye ndoo, kazi yangu kufukuza kunguru. Kunguru si wengi kiasi hicho. Muda mwingi nilikuwa namtazama mama.

Kuanua dagaa kuna wakati wake. Ukiwahi, wanaota ukungu ndani ya gunia kabla treni haijafika Dar es Salaam, na mteja wako wa kule hakupigii tena simu. Ukichelewa, wanakuwa makombo, uzito unapungua na bei inapungua nao. Mama alikuwa anapita kwenye chanja, anaokota dagaa mmoja katikati, anamvunja huku mkono ukipanda kidogo kama anayerekebisha kitambaa chake cha kichwani, kisha anatamka neno moja kati ya mawili: "Bado," au "Anua." Wanawake wa chanja za jirani walikuwa wanasubiri neno lake ndipo nao waanue. Nilimuuliza anajuaje. "Utaona tu," akasema. Nilimuuliza tena nikiwa na miaka kumi, na kumi na tano, na nikiwa na shahada mbili. Utaona tu.

Shuleni, kwa upande mwingine, kukaa ukitazama kulikuwa kosa. "Unashangaa nini wewe?" mwalimu mmoja alikuwa akiuliza, na fimbo ilifika kabla ya jibu. Kujifunza kulimaanisha kuimba kwa pamoja kilichoandikwa ubaoni, hata kama aliyekiandika alikosea. Sisemi kukariri hakuna faida. Jedwali la kuzidisha nililoimba darasa la tatu bado ninalo hadi leo, na sijui ningelipata kwa njia gani nyingine. Ila nilitoka pale nikiamini kwamba kuna mahali pa kujifunzia, pana kuta na ubao, na kwamba kule kwenye ndoo nilikuwa napoteza muda.

Kidato cha tano nilipangiwa Tabora. Treni, Uvinza, usingizi wa kukaa, Kaliua, Urambo, watu wanauza asali madirishani, halafu mji wa miembe. Huko ndiko nilikojifunza kupiga msuli sawasawa. Waliosoma bweni watanielewa: beseni la maji ya baridi chini ya meza, miguu ndani yake ili usingizi usikuchukue, desa la mwaka juzi mkononi, unakariri mizunguko ya kemikali hadi adhana ya alfajiri. Aliyelala saa nne usiku alionekana mtu asiye na malengo. Siku ya mtihani nilimwaga karatasini kila nilichokuwa nacho, na nilipopanda treni kurudi Kigoma nadhani nusu yake ilikuwa imeshabaki Tabora.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyekuwa anajipigisha msuli mwenyewe bila mtihani wowote mbele yake. Alitunga orodha ndefu za silabi zisizo na maana, akazikariri, akajipima baada ya muda tofauti tofauti kuona kimebaki nini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, ndani ya saa chache tu, halafu kasi inapungua. Na kwamba marudio yaliyogawanywa siku kadhaa yanashika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya beseni letu! Kisha mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton wakaonyesha jambo lililoniuma zaidi. Walirekodi seli za ubongo wa panya akitembea, katika sehemu iitwayo hipokampasi, halafu wakaendelea kurekodi panya akilala. Seli zilizokuwa zikifanya kazi pamoja wakati wa matembezi zilirudia kufanya kazi pamoja usingizini, kana kwamba panya anapita tena njia ile ile.

Nikakumbuka siku za mbalamwezi kwetu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hawatoki. Ukipita ufukweni utawakuta wamekaa vivulini, nyavu zimetandazwa mapajani, sindano zinaingia na kutoka. Mgeni atasema hawa hawana kazi. Sisi wenye mabeseni chini ya meza tulikuwa tunavua mwezi mzima bila kupumzika, na nyavu zimechanika.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilisoma zuolojia kwa sababu ndiyo iliyonichagua. Mwaka wa pili mhadhiri mmoja, mzee mwenye sauti ndogo, aliacha somo lake kwa dakika kumi akatusimulia kisa cha Henry Molaison. Nakisimulia hapa kwa sababu ndicho kilichonigeuza.

Molaison alikuwa Mmarekani mwenye kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari wa upasuaji wa huko Hartford aitwaye William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, zikiwemo sehemu kubwa za hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kushika jambo jipya. Ukizungumza naye, ukatoka chumbani ukarudi baadaye, wewe ni mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alimfuatilia kwa miaka. Siku moja akampa zoezi: achore nyota kwa kufuata nafasi kati ya mistari miwili, lakini mkono wake auone kupitia kioo tu. Jaribu nyumbani, utaona mkono unavyogoma. Molaison alifanya vibaya siku ya kwanza kama mtu mwingine yeyote. Siku ya pili akafanya vizuri zaidi. Siku ya tatu vizuri kabisa. Na kila siku alikuwa hajui kwamba amewahi kuliona zoezi lile. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari. Sayansi ilimficha kwa herufi mbili tu, H.M., mpaka alipofariki mwaka 2008.

Ukumbi mzima ulikuwa unamwonea huruma Molaison. Mimi nilikuwa Kibirizi, nimekaa kwenye ndoo. Kumbe mama hakuwa ananinyima jibu. Anachojua kimekaa mahali ambapo maneno hayafiki. Nilitoka ukumbini nikamfuata mhadhiri, nikamuuliza watu wanaofanya kazi hiyo wanaitwaje na wanalipwa na nani. Swali la pili lilimchekesha sana.

Kutoka hapo hadi kupata nafasi ya uzamivu kuna miaka ya barua zisizojibiwa ambayo sina hamu ya kuisimulia. Niruke hadi siku niliyokuwa nimekaa kwenye kompyuta ya ofisi ya watu watano, intaneti inasuasua, nikafungua makala iliyotoka mwaka 2007 kwenye jarida la Nature. Waandishi ni Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald, wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ilihusu samaki wanaojifunza kwa kutazama wenzao wakipigana. Samaki wenyewe wa wapi? Wa Ziwa Tanganyika.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini.

Kwa jina la kisayansi anaitwa Astatotilapia burtoni. Ni mdogo, anakaa maji ya kina kifupi pembezoni mwa ziwa na kwenye mito inayoingia humo. Hilo burtoni linamtukuza Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858 pamoja na mwenzake Speke. Burton alikuwa mgonjwa hata kutembea ni shida, na Speke macho yalikuwa yameugua kiasi kwamba ziwa lenyewe hakuliona vizuri. Ndio waliopewa sifa ya kuligundua. Nyumbani visamaki vile vya ufukweni tulivikamata kwa kanga tukiwa watoto, tukavitia kwenye chupa, vikafa, tukavitupa. Fernald alikuwa amewachunguza kwa miongo kadhaa.

Jaribio lenyewe nilieleze polepole, kwa sababu bado linanishangaza. Madume wa aina hii wana ubabe. Wachache wanashika himaya: hao wanang'aa rangi, wana mstari mweusi unaopita jichoni, wanafukuza wengine na kupata majike. Waliobaki wamepauka, wanajichanganya na majike, wanaishi kwa kukwepa. Watafiti walichukua madume watano wanaolingana, tuwaite A, B, C, D na E. Wakapanga mapigano ya wawili wawili: A akampiga B, B akampiga C, C akampiga D, D akampiga E. Ushindi uliandaliwa, maana samaki anayeingizwa kwenye himaya ya mwenzake hushindwa. Pembeni, nyuma ya kioo, yupo dume wa sita anayetazama tu. Hapigani na mtu.

Baadaye mtazamaji anawekwa kati ya wawili ambao hajawahi kuwaona wakipambana. A na E ni rahisi. A hajawahi kushindwa na E hajawahi kushinda. Mtihani ni B na D. Kila mmoja ameonekana akishinda mara moja na kushindwa mara moja. Kwa kuhesabu tu huwezi kuwatofautisha. Lazima uunganishe: B kampiga C, C kampiga D, basi B ni zaidi ya D. Watazamaji walisogea kwa D, kwa mnyonge, mahali ambapo dume mwenye akili angependa kuanzia fujo zake. Uwezo huo kwa watoto wa binadamu huonekana wakiwa na miaka 4 au 5.

Ufukweni kwetu wavulana walikuwa wanapigana mieleka kila jioni. Sikuwahi kuingia kwenye mduara, msichana gani angeruhusiwa, lakini ungeniletea wavulana wawili wowote wa Kibirizi ningekwambia nani atakula mchanga. Kwa hiyo nilipoisoma makala ile sikuona samaki hodari. Nilijiona mimi, nyuma ya kioo.

Mwaka 2011 nikaenda Ujerumani.

Chumba cha samaki kilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la idara. Nilifika mwezi wa Januari, nimevaa soksi mbili na sweta la mitumba la Kigoma ambalo kule lilikuwa kama shati. Msimamizi wangu akafungua mlango na joto likanipiga usoni. Nyuzi 28. Maji yalikuwa yamechanganywa chumvi maalum ili yafanane na maji ya Tanganyika. Taa zilikuwa zinawaka saa 12 na kuzimika saa 12, kama jua la kwetu. Katikati ya theluji mtu alikuwa amejenga Kigoma, kwa gharama kubwa, halafu akawapa samaki. Nilikuwa nakula chakula cha mchana mle ndani. Kanuni za maabara zinakataza, na hapa nakiri hadharani kwa mara ya kwanza.

Miezi minane ya mwanzo jaribio langu halikutoa kitu. Samaki hawakuwa wanachagua chochote kwa mpangilio; wote walikuwa wanaelekea kona moja. Nilibadilisha tangi, nikabadilisha taa, nikawabadilisha samaki wenyewe. Nikaanza kuandika barua ya kuacha masomo. Aliyegundua tatizo ni mama mmoja wa usafi, mtu wa Bosnia, aliyekuwa anapiga deki jioni. Alisimama mlangoni, akasema kwa Kijerumani chake na mimi kwa changu kibaya zaidi: "Wanakuangalia wewe."

Kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nawalisha. Nilipoketi na daftari langu upande wa kushoto, samaki wote walihamia kushoto kusubiri chakula. Nilidhani nawapima, kumbe walishanisoma zamani.

Kosa hili lina babu yake, na kila mwanafunzi wa fani hii anafundishwa habari zake. Ndiyo maana aibu yangu ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin, kulikuwa na farasi aitwaye Hans, mali ya mzee von Osten. Ukimuuliza hesabu, alikuwa anagonga kwato mara inayotakiwa kisha anaacha. Umati ulijaa. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipomchunguza, na kuandika matokeo mwaka 1907, alikuta kwamba Hans alipata jibu pale tu muulizaji alipokuwa analijua jibu na farasi anamwona. Hesabu hakuijua. Alikuwa anasoma vitu vidogo mwilini mwa muulizaji, kichwa kinachoinuka kidogo idadi ikitimia, vitu ambavyo muulizaji mwenyewe hakujua anavifanya. Watu husimulia kisa hiki kumdharau farasi. Mimi huona farasi aliyewatazama binadamu kuliko binadamu walivyojitazama.

Nikanunua kitambaa kizito cheusi, nikatundika kati yangu na matangi, nikaacha kamera itazame badala yangu. Matokeo yakaanza kuja. Nilipompigia mama simu nikamwambia nimelazimika kutundika pazia ili samaki wasinione, alinyamaza kidogo. "Macho hayana pazia," akasema. "Watakuona tu."

Miaka iliyofuata nilijifunza habari za ubabe hadi ndani ya seli. Kuna seli za neva ndani ya ubongo wa samaki hawa, zinazotoa homoni inayoamsha uzazi. Kwa dume mbabe ni kubwa kuliko za mnyonge. Akiporomoka cheo, zinasinyaa. Akipanda, zinakua. Cheo kinabadilisha ubongo. Sisi tumezoea kufikiri ni kinyume chake. Mwaka 2005 Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Fernald huyo huyo walimwondoa mbabe kwenye tangi gizani, kabla taa za asubuhi hazijawaka. Kulipokucha, mnyonge aliona kiti kiko wazi. Ndani ya dakika chache rangi zikapanda na mstari wa jichoni ukatokea, na kwenye sehemu ya ubongo zilipo seli zile jeni mojawapo ikawa imeamka kwa kishindo. Hakuna aliyemfundisha ubabe. Alikuwa na muda mrefu wa kutazama jinsi unavyofanywa.

Kwenye vikao vya maabara mimi nilikuwa napauka. Kiingereza changu cha mazungumzo kilikuwa kizito na Kijerumani hakikuwepo, kwa hiyo nilikaa pembeni, kimya, nikaonekana sina la kusema. Nilijua nani anamwogopa nani, nani anadandia hoja ya mwenzake, na ni lini msimamizi amechoka lakini hataki kusema. Aliponiuliza siku moja kwa nini sichangii, nilishindwa kumwambia kwamba nilikuwa kazini.

Nilirudi nchini mwaka 2016, na jambo la kwanza nililotaka ni kuweka matangi Kigoma, karibu na ziwa lenyewe. Nilikodi chumba, nikapata matangi manne na pampu za hewa. Enzi hizo mji ulikuwa bado unategemea umeme wa majenereta ya dizeli. Umeme ulikatika Ijumaa usiku, mimi niko Kasulu kwenye msiba. Niliporudi Jumapili pampu zilikuwa zimelala na samaki wote wako juu ya maji. Mita mia tatu kutoka Ziwa Tanganyika samaki wa Tanganyika wamekufa kwa kukosa hewa, ilhali wenzao Ujerumani wanakula saa yao. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Sasa nafundisha, na utafiti wangu naufanya kwa kuwatazama ziwani, nikiogelea na miwani ya maji. Ni wa polepole. Hauhitaji jenereta.

Jambo lililonirudisha kwenye ndoo lilitoka Gombe, saa chache tu kwa boti kutoka nyumbani. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na mwaka huo huo akamwona sokwe akitumbukiza bua la nyasi kwenye kichuguu na kulivuta limejaa mchwa. Hayo yameandikwa sana. Kinachosemwa kidogo ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu za miaka iliyofuata imeandikwa na watu wa vijiji vya kwetu, wasaidizi wa utafiti waliowafuata sokwe mlimani kutwa nzima na kuandika kwa Kiswahili kila walichofanya. Baba wa rafiki yangu wa shule alikuwa mmoja wao. Sisi tulidhani analipwa kutembea msituni.

Mwaka 2004 Elizabeth Lonsdorf na wenzake walitoa makala kuhusu watoto wa sokwe wa Gombe wanavyojifunza kuvua mchwa. Mama hawafundishi. Hawamshiki mtoto mkono, hawamrekebishi. Wanavua tu, mtoto yupo. Wale wa kike walitumia muda mrefu zaidi kumtazama mama, na walianza kuvua wenyewe wakiwa wametangulia wale wa kiume kwa zaidi ya miaka 2. Wa kiume walikuwa wanacheza. Tena mtoto wa kike aliishia kuwa na mtindo wa mama yake, kina kile kile cha kuzamisha bua. Nilipoisoma niliipigia mahesabu miaka niliyokaa kwenye ndoo, ambayo nilikuwa nimeiandika mahali fulani kichwani kama hasara.

Mwezi uliopita nilikuwa Kibirizi. Mama sasa hanunui tena beseni zake mwenyewe. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, wakwe zake wanaanika, yeye anatoa neno. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka sita, alikuwa juu ya ndoo. Si ile ya kwangu, lakini ya rangi vilevile. Kunguru walikuwa wanakula dagaa mbele ya macho yake.

Nikaenda kwenye chanja, nikaokota dagaa mmoja, nikambonyeza kama nilivyomwona mama akifanya maisha yangu yote. Alikuwa mgumu. "Tayari hawa," nikasema. "Waanuliwe."

Mtoto alimtazama bibi yake, akanitazama mimi. "Bado, shangazi."

Mama akacheka hadi kiti kikatikisika. Na mimi, Mungu anisamehe, sikufurahi. Nikamfikiria farasi wa Berlin. Mtoto alikuwa amemtazama bibi usoni kwanza. Huenda dagaa hawajui kabisa, ila uso wa bibi yake anaujua barabara. Nikamwomba mama ageuke, aelekee ziwani.

"Yaani na mimi umeshanitia kwenye hilo tangi lako?"

"Kidogo tu, mama."

Akageuza kiti, anaguna. Nikamwambia mtoto aje aniambie chanja ile nyingine, ya mwisho kule, iko vipi. Akashuka kwenye ndoo, akajipangusa mchanga, akapita hadi katikati ya chanja. Akaokota dagaa. Hakumbonyeza. Alimnyanyua hadi sikioni, akafumba macho, akamvunja.

"Anua," akasema.

Miaka arobaini nimeutazama ule mkono ukipanda kwenye kitambaa cha kichwani. Nikamvunja wangu karibu na sikio, wa chanja ya kwanza, ukatoka mlio mzito, uliolowa. Nikaenda ya mwisho nikavunja mwingine. Ka! Kavu kau.

"Mmemaliza?" mama akauliza, bado ameelekea ziwani. "Nigeuke?"